Tone Lililolala

Mjini Bunia, mtu aliyeokota kitu kinachong'aa alikuwa na njia mbili za kuaibika: kukipeleka sokoni kwa Débora, au kukipeleka kwingine halafu Débora akasikia. Wengi walichagua ya kwanza, maana ilikwisha upesi.

Débora alikuwa muuza mafuta ya ng'ombe. Kibanda chake kilikuwa upande wa wauza maziwa, na siku nzima alikaa nyuma ya ndoo yake akiwatazama wapita njia kana kwamba wamechelewa kumwomba msamaha. Kando ya ndoo alikuwa na sahani ya bati, na ni sahani hiyo iliyompa jina. Wachimbaji wa Nizi, watu wa dhahabu, mara mojamoja walikuta kwenye mchanga wao jiwe jeupe, wakapoteza akili palepale. Walimjia wameliviringisha kwenye vitambaa kama kichanga, wakinong'ona. Débora hakujua kunong'ona. Alipaka sahani mafuta, akalibandika jiwe, akalimiminia maji. Almasi hukataa maji na kung'ang'ania mafuta. Jiwe la ovyo hupenda maji, na maji hulichukua.

“Umeona?” alisema, jiwe likiteleza hadi ukingoni. “Hii iko kioo ya Mungu. Beba, utie ku dirisha ya choo yako.”

Soko zima lilicheka, maana hakuna wa kuchekwa kama mtu aliyekuwa tajiri muda mfupi uliopita. Mchimbaji aliondoka amenuna, na baada ya wiki kadhaa alirudi na jingine.

Elimu hiyo Débora aliirithi. Baba yake, mzee Michel, alitoka Fataki angali kijana akaenda kufanya kazi Kasai, kwenye kampuni moja ya almasi. Huko changarawe ilipitishwa na maji juu ya meza zilizopakwa mafuta. Almasi zikanasa, takataka zikapita. Mzee alirudi na kikohozi, koti la mvua, na almasi moja isiyokatwa, ndogo kuliko punje ya mahindi, yenye upande mmoja bapa. Alisema kampuni ilimpa zawadi. Kampuni za almasi hazitoi zawadi za almasi, na ukoo wote ulilijua hilo, lakini mzee alikuwa na fimbo na hakuna aliyejitolea kumkumbusha.

Jiwe halikuuzwa. Mzee alilifanyia desturi. Posa ikija nyumbani, jiwe lilioshwa kwa sabuni, likawekwa mbele ya wakwe, na mkubwa wa ukoo akalidondoshea tone dogo la maji kwa ncha ya jani. Tone halikuenea. Lilisimama juu ya jiwe, mviringo, likitetemeka. Hapo wanawake walipiga vigelegele na mkubwa akasema, “Tone imesimama. Hapa hakuna uongo.” Maana yake binti anayetolewa ni wa kweli, na watu wanaomtoa ni wa kweli. Koo nyingine hujivunia ng'ombe au mikuki. Ukoo wa Michel ulijivunia tone la maji, na ulijivuna kupita wote.

Mzee alikufa. Kaka yake Débora, Antoine, aliuawa wakati wa vita, na mke wake pia. Siku Débora alipokimbia Fataki alichukua watoto wa Antoine na jiwe: Rébecca akivutwa kwa mkono, Bruno akiwa mgongoni, jiwe likiwa chini ya ulimi. Alitembea mpaka Bunia bila kutamka neno, asije akalimeza. Majirani walisema baadaye kwamba ile ndiyo safari pekee ambayo Débora alinyamaza, na kwamba tangu siku hiyo alikuwa anafidia.

Hakuolewa. Wanaume alikuwa amewapima, akasema wote wanaenea. Alilea watoto wale wawili kwa mafuta ya ng'ombe na matusi, vyote kwa wingi, na wote wawili walinenepa. Bruno alifaulu shule hata akapata bourse, msaada wa masomo, ya kwenda Ubelgiji kusomea mambo ya mawe na vyuma. Débora aliwaambia wauza maziwa kwamba Wazungu wameishiwa akili ndiyo maana wanaazima Fataki.

Likizo ya kwanza Bruno alirudi na skafu shingoni, Bunia, saa sita mchana. Alieleza kwamba katika labo yao wanachunguza jinsi uso wa almasi unavyoweza kubadilishwa, na kwamba wanapima kazi hiyo kwa kuweka tone la maji na kutazama linavyokaa. Alikuwa amewaambia wenzake wa huko kwamba kwao tone hilo hupimwa kwenye harusi. Profesa wake alicheka akapiga meza, akamwambia alilete hilo jiwe. Débora alijifanya kufikiri. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kukubali kabla kijana hajamaliza.

“Peleka,” alisema. “Wazungu baone tone ya Michel.”

Alilifunga mwenyewe kwenye kitambaa. Bruno alilirudisha mwaka uliofuata, katika kijisanduku cha plastiki, alipokuja kwa posa ya dada yake. Alimkabidhi shangazi yake mezani, akakohoa kidogo.

“Shangazi, iko kitu moja ya kukuambia juu ya hii jiwe. Ngozi yake...”

“Jiwe haina ngozi. Miye nauzishaka mafuta ya ngombe, miye njo najua ngozi. Kula.”

Bruno alikula. Alikuwa amesoma kila kitu isipokuwa kumkatiza shangazi yake, na somo hilo hakuna chuo kinacholifundisha. Alijiambia atamweleza kesho. Kesho yake kulikuwa na mbuzi wa kuchinjwa na viti vya kuazima, na ikawa hivyo mpaka siku ya posa.

Wakwe walikuwa Wanande waliohamia kutoka Butembo, watu wa biashara ya mbao. Mzee wao, Kamate, alikaa wima na kofia yake juu ya goti. Kijana wake Willy alimtazama Rébecca kwa namna iliyoonyesha kwamba kwake yeye mambo ya tone hayakuwa na haja. Bruno alikaa mbele, kwenye kiti cha baba yake. Kwa kuwa Antoine hayupo, kaka ndiye wa kumtoa dada.

Débora aliliosha jiwe kwa sabuni, akalisuuza, akalifuta, akaliweka juu ya sahani. Alichovya jani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi ya vigelegele.

Tone liligusa jiwe, likalala. Lilienea upande wote bapa, likawa utando mwembamba wa maji, kama maji yoyote juu ya kioo chochote.

Débora alilifuta, akarudia. Likalala tena. Akaagiza mafuta. Akapaka sahani kwa kidole gumba, akabandika jiwe la baba yake, akamimina maji. Jiwe lilisita kidogo, likateleza hadi ukingoni, pale pale ambapo mawe ya watu wa Nizi huishia.

Vigelegele vilivyokuwa vimeandaliwa vilimezwa. Débora aligeuka polepole akamtazama Bruno.

“Umeiuzisha.”

“Shangazi, hapana. Njo ile nilitaka kukuambia.”

“Sema sasa. Batu wote basikie.”

Bruno alisimama. Masikini, alianza na mkono mfukoni, kama wanavyofanya maprofesa.

“Almasi iko kaboni. Kule inje, ku uso yake, kila kaboni iko na mukono yenye haina mwenzake, na ile mukono inashika kitu. Hii jiwe ilikuwa imeshika hidrojeni, na hidrojeni haipendake maji. Njo maana tone ilikuwa inasimama. Siye ku labo tuliitia mu plasma ya oksijeni.”

“Mu nini?”

“Plasma. Unatoa hewa mu chombo, unaacha gazi kidogo tu, unaipiga na courant ya umeme. Gazi inavunjika, inawaka mwangaza, lakini haiko moto ya makaa. Oksijeni inafukuza hidrojeni, inashika ile mikono. Na oksijeni inapenda maji sana. Maji ikifika, inalala. Lakini ni uso tu, shangazi, kitu nyembamba hata macho haiwezi kuona. Ndani haikuguswa. Jiwe njo ile ile.”

Débora alicheka. Kicheko chake kilijulikana soko zima, na wachimbaji walikiogopa kuliko askari.

“Mumesikia? Miye nimesomesha mutoto na mafuta ya ngombe, anarudia kuniambia jiwe iko na mikono! Na ile mikono inapenda maji! Miguu je, haiko nayo? Njo iliiondosha jiwe ya baba yangu ku labo mpaka ku duka?”

Watu walicheka, kwa sababu watu ndivyo walivyo. Hata shemeji mmoja wa Kamate alicheka, akajizuia kwa leso.

“Tuna mashine ya kurudisha,” Bruno alisema, sauti imepungua. “Plasma ya hidrojeni. Lakini iko kule.”

“Kila kitu yako iko kule. Basi enda kule. Mwizi hatoi dada.”

Mzee Kamate alichukua kofia yake gotini. Alisema kwa upole, na upole wake uliuma kuliko kicheko. “Mama Débora, siye hatukukuya kwa ajili ya jiwe. Tulikuya kwa ajili ya binti. Lakini nyinyi wenyewe munasema tone njo neno yenu. Leo neno yenu imelala. Siku itasimama, mutuite.”

Walikwenda. Bruno alikwenda pia, akapata mahali kwa rafiki yake huko Mudzi Pela. Skafu aliisahau kitini, na mbuzi aliliwa na majirani, wakisifu mchuzi na kulaani wizi, mara nyingi katika tonge moja.

Sokoni mambo yalibadilika. Wachimbaji waliokuwa wakipita mbali na kibanda sasa walipita karibu. “Mama, tone inasema nini leo?” walimuuliza. Débora aliwarudishia matusi ya kutosha na chenji, lakini mikono yake ilipima mafuta vibaya. Nyumbani Rébecca alipika na kupakua bila kusema. Jioni moja alisema.

“Shangazi, Bruno alikuwa na ile jiwe mwaka muzima Ulaya. Kama alitaka kuiuzisha, alirudia hapa kufanya nini?”

“Alirudia juu iko mujinga. Bezi bengi beko bajinga.”

“Basi utafute ushahidi. Miye niko nangojea kuolewa, na kaka yangu iko analala chini kwa batu.”

Débora alimwambia asimfundishe kazi. Lakini kesho yake alijifunga kitambaa kizuri akaenda kwenye comptoir ya Gérard, mnunuzi wa dhahabu na mawe, ambaye kwa miaka mingi Débora alimwita daktari wa macho wa mawe, kwa sababu hakuweza kutazama kitu bila lupu, kioo chake cha kukuzia. Alimtupia jiwe mezani.

“Niambie hii iko chupa gani. Ya bia ama ya dawa.”

Gérard alichukua kalamu yake ya kupimia, akagusa jiwe. Kalamu ililia. Akagusa tena, ikalia tena.

“Mama, hii iko almasi.”

“Kalamu yako imelewa. Maji inalala juu yake.”

“Kalamu haijali maji. Inapima namna jiwe inakimbiza moto. Ile inatoka ndani, haiko kitu ya uso.”

“Basi alibadilisha almasi ya baba na almasi ingine mbovu.”

“Mwizi gani anabadilishaka almasi na almasi?”

“Mwenye amesoma,” Débora alisema, lakini bila nguvu.

Gérard alimsogezea lupu. Débora alikuwa amekataa miwani na lupu tangu macho yalipoanza kumtoroka. Alisema wanaoona vibaya ni wengine. Aliiweka jichoni kwa mzaha, akibinua mdomo ili Gérard aone jinsi alivyo mchekeshaji. Mdomo ulibaki umebinuka.

Ndani ya jiwe, chini kabisa, kulikuwa na alama nyeusi, nyembamba, iliyojikunja katikati. Baba yake alikuwa akimpakata na kulishika jiwe juani. Unaona mguu wa sisimizi? alimuuliza. Huyu aliingia mbele ya siye bote. Débora aliuona mguu ule kila siku ya utoto wake. Kisha macho yakafifia, tone likatosha, na akaacha kutazama ndani, kwa kuwa ukiwa na neno linalosimama mbele ya watu unahitaji nini tena. Alikuwa ameusahau kabisa. Nao ulikuwepo, umejikunja palepale.

“Unaona nini, mama?” aliuliza Gérard.

“Lupu yako iko chafu,” alisema Débora, akachukua jiwe akatoka.

Nyumbani alikuta ndoo ya mafuta inangoja kuchujwa. Alifanya kazi hiyo kwa hasira, akavuruga mafuta, akamkemea paka wa jirani. Kisha, kwa mikono ileile, akalitoa jiwe na kulidondoshea tone. Tone likasimama.

Alilitazama. Akaokota kipande cha chupa uani, akakifuta kwa kidole gumba chenye mafuta, akakidondoshea tone. Nacho tone likasimama, mviringo, likitetemeka, kwa heshima zote. Débora alikaa kwenye kigoda. Utando wa mafuta ambao yeye hakuuona ulitosha kuifanya chupa ya bia iwe ukoo wa Michel.

Hapo wazo likaja, na lilikuja limekwisha kuvaa. Awaite wakwe. Alioshe jiwe ndani ya nyumba, alipitishie kidole, alitoe mbele ya watu. Tone litasimama. Watu watasema Bruno ameona aibu, amelirudisha. Rébecca ataolewa, sokoni watanyamaza, na neno la Débora litabaki mahali pake. Bruno atakuwa mwizi aliyetubu, na wako wengi wa namna hiyo mjini, tena wengine wana magari. Alilipenda wazo hilo jioni nzima. Hakulala vizuri, lakini akasema ni kwa sababu ya mbu.

Wakwe walirudi. Kamate aliweka kofia yake kwenye goti lilelile. Bruno alikuwa amefuatwa na Rébecca mwenyewe Mudzi Pela. Alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, amekonda, shati halikupigwa pasi. Débora alitoka na sahani. Akachovya jani. Tone likaanguka, likasimama.

Ua ulilipuka kwa vigelegele. “Bruno amerudisha!” mtu alipaza sauti, na wengine wakapokea, “Amerudisha! Amerudisha!” Kamate alitikisa kichwa kwa kuridhika. Willy alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyetolewa hospitali.

Débora alimtazama Bruno. Bruno alikuwa amesogea, analitazama jiwe. Aliuona mng'ao wa mafuta; jambo hilo lilikuwa kazi yake, asingeweza kutouona. Macho yake yalitoka kwenye jiwe yakaja kwa shangazi yake. Alikuwa anajua. Débora alingoja apige kelele, aseme, afanye lile ambalo yeye Débora angelifanya mbele ya soko zima bila kuvuta pumzi. Bruno alimtazama dada yake, ambaye alikuwa analia kwa furaha. Kisha akainamisha kichwa, kama mwizi aliyetubu, akanyamaza.

Njia nzima ya kutoka Fataki mtoto huyo alikuwa amelia shingoni mwake, na yeye hakuweza hata kumbembeleza, kwa sababu ya jiwe lililokuwa chini ya ulimi. Débora aliona aibu, aibu ya kweli, aliyokuwa ameigawia watu maisha yake yote bila kuionja.

“Nyamazeni!” alipaza sauti. Walinyamaza, tabia ya zamani. “Inua kichwa, mupumbavu weye! Nani alikufundisha kuinamia kitu yenye hukufanya?”

Alivuta beseni, akachukua sabuni, akalisugua jiwe mbele yao wote, akalisuuza, akalifuta kwa kanga yake safi.

“Mumepigia vigelegele mafuta ya ngombe,” aliwaambia. “Miye njo nilipaka. Hii jiwe njo ile ya baba. Iko na muguu ya sisimizi ndani, nimeiona kwa Gérard, na Gérard iko na macho mabaya lakini lupu yake ni nzuri. Bruno hakuiba. Hapa haiko mwizi. Iko mwanamuke mwenye alipima uso tangu amezaliwa, akasema amepima jiwe.”

Hakuna aliyecheka. Kamate aliivaa kofia yake, akaivua tena.

“Na weye,” Débora alimgeukia Bruno, “siku ingine ukipewa jiwe ya babu yako, usiipike.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Kuya.”

Bruno alikuja mbele, akapita katikati ya watu waliokuwa wamemwita mwizi, nao wakakunja magoti kumpisha. Débora alimpa kikombe cha maji na jani. Katika ukoo wa Michel hakuna aliyewahi kushika kikombe kile isipokuwa mkubwa, na kila aliyekuwa uani alilijua hilo. Bruno alikishika kwa mikono miwili.

“Shangazi, italala.”

“Najua italala. Dondosha.”

Tone likaanguka, likaenea juu ya jiwe lote, likatulia. Kisha Débora, peke yake, kwa sauti yake iliyochakaa kwa matusi ya sokoni, akapiga kigelegele, akaendelea kukipiga mpaka Rébecca akapokea.